Serikali ilifungwa, mshahara ukaja sifuri: tulivyoishi sisi huku Maryland

Haya jamani habari zenu, ni mimi tena, wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba. Najua nilipotea, kuna walioandika huko chini kwamba nimerudi Bongo kimya kimya, wengine eti dada siku hizi maringo. Hapana. Tulikuwa tumechacha. Na mtu ukichacha hata hamu ya kukaa mbele ya kamera inakata, utawaonyesha duka gani la nguo wakati kwenye akaunti kuna hela ya mafuta ya gari basi.

Leo naongelea ile ishu ya serikali ya Marekani kufungwa, mliisikia kwenye taarifa ya habari, ilianza Oktoba 1, 2025 ikaisha Novemba 12 usiku Trump aliposaini, siku 43, ndefu kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutokea mpaka hapo, ile iliyokuwa inashika rekodi ya 2018 kuingia 2019 ilikuwa siku 35. Sasa wengi mlivyosikia "serikali imefungwa" mkajua ni mambo ya wakubwa huko Washington, kumbe na baba watoto wangu yumo, maana yeye anakagua abiria na mizigo eapoti, ile kazi ya vua mkanda, toa laptopu. Huyo ni mfanyakazi wa serikali kuu.

Kwa nini inafungwa, nitapita haraka maana siasa siyo fani yangu. Mwaka wa fedha huku unaanza Oktoba 1 kama nyumbani unavyoanza Julai 1. Bunge likifika tarehe hiyo halijapitisha hela, kuna sheria ya tangu 1884 inakataza ofisi za serikali kutumia pesa isiyoidhinishwa, basi panafungwa. Safari hii wabunge wa chama cha Democrats walitaka ruzuku ya bima ya afya iendelee kwa sababu ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka, Republicans, chama cha Trump, wakasema fungueni kwanza hayo tutaongea baadaye, na Seneti inataka kura 60 kati ya 100, hazikupatikana, wiki zikaenda. Halafu wabunge wenyewe mshahara wao wa dola 174,000 kwa mwaka unaendelea kuingia kama kawaida, hiyo naisema tu nipumue.

Sasa sikilizeni hapa. Wafanyakazi waligawanyika. Kuna waliorudishwa nyumbani wakae bila mshahara, kwa makadirio laki sita na ushee. Kuna wengine kama laki saba na kitu, wao waliambiwa kazi yenu ni ya lazima, njooni, ila hela hamna mpaka serikali ifunguliwe. Baba watoto yuko kundi hilo. Na mimi nawaambia hilo ndilo kundi linaloumia kimya kimya, kwa sababu aliyerudishwa nyumbani angalau hachomi mafuta na anaweza kutafuta kazi ya mchana, huyu wa lazima anaamka saa tisa usiku, anaweka mafuta kwa hela yake, anabeba kiporo chake, anasimama masaa nane, anarudi na sifuri. Usipoenda unaandikiwa umetoroka kazi.

Mshahara wao unatoka kila baada ya wiki mbili. Wa kwanza wa Oktoba ulikuja nusu nusu maana ulikuwa na siku za Septemba ndani. Uliofuata akanionyesha kwenye simu, karatasi ya mshahara imetoka vizuri kabisa, jina lake lipo, masaa yake yote yapo, mpaka ovataimu ipo, unashuka chini kwenye hela ya kupokea imeandikwa 0.00. Tukacheka jamani. Tulicheka kwanza, tukanyamaza baadaye.

Cha kwanza tulichofanya, na nyie mlioko huku hili lishikeni, tulipiga simu KABLA hatujachelewa kulipa bili hata moja. Siyo baada. Ukipiga ukiwa hujachelewa wewe ni mteja mwenye shida, ukipiga umeshachelewa wewe ni mdaiwa, na wanakuongelesha tofauti kabisa. Kuna barua za mfano ambazo ile ofisi kuu ya utumishi ya serikali, OPM, imeziandaa za kuwapelekea wanaokudai, zinaeleza huyu ni mfanyakazi wa serikali na mshahara umesimama kwa sababu hizi, baba watoto akaichukua akajaza akaituma kwa kila mtu. Ofisi ya nyumba tunayopanga wakasema faini ya kuchelewa tutakufutia ila kodi yenyewe iko palepale. Watu wa mkopo wa gari wakakubali kusogeza mwezi mmoja. Kampuni moja ya kadi ya mkopo, siitaji, ilituweka kwenye simu na kale kamuziki mpaka chai ikapoa, halafu wakasema hatuna utaratibu huo.

Na ukiwapigia usiridhike na "tutakusaidia". Uliza: riba inaendelea kuhesabika au imesimama? Mtaripoti kwamba sijalipa? Huo mwezi mnaonisogezea nitaulipa wote kwa mkupuo baadaye au unahamia mwisho wa mkopo? Halafu mwambie akutumie kwa imeli sasa hivi kabla hujakata simu, maana kesho ukipiga unampata mtu mwingine hajui lolote na anaanza upya kukuuliza jina.

Tukapanga nani alipwe kwanza. Nyumba, gari, bima ya gari, umeme, simu. Mtu atasema mbona gari iko juu hivyo, ndugu yangu huku ninakoishi bila gari hakuna kazi, na Maryland bima ya gari ikikatika unapigwa faini, kwa hiyo unajikuta unadaiwa kwa sababu ya kukosa hela. Kadi za mkopo tukalipa kile kiwango cha chini kabisa. Mambo ya kutazama muvi, jimu, vifurushi vya watoto, vyote nje.

Msaada upo ila uujue. Jimbo la Maryland lina mkopo wa dola 700 bila riba kwa wale wanaokwenda kazini bila mshahara, unarudisha serikali ikishafunguliwa, 700 hailipi kodi ya nyumba lakini inalipa umeme na chakula. Waliorudishwa nyumbani wao waliweza kuomba mafao ya kukosa kazi, Maryland mwisho ilikuwa dola 430 kwa wiki, ila hiyo nayo mshahara ukija unairudisha, siyo zawadi. Halafu kuna hivi vyama vya kuweka na kukopa, kama SACCOS zetu, baadhi vilitoa mkopo wa riba sifuri kwa mwanachama ambaye mshahara wake unapitia kwao, ndiyo maana nasema ukifika huku usiwe na benki kubwa tu, jiunge na kimoja mapema, usisubiri mvua inyeshe. Mkiona zile apu za kukupa hela dakika tano, kimbieni. Mkopo wa kausha damu ni kausha damu tu hata ikiongea Kiingereza.

Baba watoto akitoka shifti akawa anapiga deiwaka, anapeleka vyakula vya watu majumbani kwa apu, na wenzake wengi walikuwa huko huko, anakutana nao mgahawani wanasubiri oda. Mimi boksi langu, yaani kazi yangu huku, ni la kulea wazee, nikaomba masaa ya wikiendi. Lakini kilichotuokoa hasa, nisiwafiche, ni mchezo, yaani upatu. Tuna mchezo wetu wamama, Watanzania, Wakenya na dada mmoja Mkongo, na kijumbe wetu ni mama wa Kitanga, mkali, ukichelewesha siku moja anakupigia simu kazini. Zamu yangu ilikuwa Desemba. Dada mmoja nesi wa hospitali binafsi, mshahara wake haukuguswa, akasema chukua zamu yangu ya Oktoba. Ile ndiyo ikalipa kodi ya Novemba. Sasa mjue maana yake Desemba hii mimi sipokei kitu, nachangia tu, na sikukuu ndiyo hiyo.

Chakula. Hapa nitasema wazi kwa sababu kuna Waswahili wenzangu waliona aibu wakakaa na njaa. Tulikwenda kwenye mgao, kwenye maegesho ya kanisa moja, foleni ya magari imetoka mpaka barabarani. Na siyo magari mabovu. Mtu yuko kwenye gari zuri, kitambulisho cha kazi cha serikali kiko shingoni, ndicho anachoonyesha apate boksi. Unafungua buti, hushuki, wanakuwekea: viazi, vitunguu, kabichi, tufaha, maharage makavu, kopo za samaki. Yale maharage niliyaunga kwa nazi ya kopo, yakaenda siku tatu. Na mwanzoni mwa Novemba ile hela ya chakula ya SNAP ambayo watu milioni 42 wanaitegemea nayo ikachelewa, foleni zikawa mara mbili, wale waliokuwa wanatoa msaada jana leo wako nyuma yako.

Sasa nyumbani. Jamani mizinga! Naongea kwa upendo. Oktoba hiyo hiyo tuliombwa ada, tukaombwa mchango wa send-off, mama mkwe Korogwe anataka bati za nyumba kabla ya mvua. Baba watoto akasema mshahara haujatoka, baba mdogo mmoja akajibu kwenye grupu, "Serikali ya Marekani ikose hela?" Tukaonekana tunazuga. Nikamkumbusha kwa heshima, baba mdogo wewe umefundisha shule ya msingi, malimbikizo yako ulidai kwa miaka mingapi? Akaweka dole gumba. Tulichofanya, baba watoto alirekodi voisi noti moja ya ukoo mzima, akasema mshahara ni sifuri, kodi ya nyumba ni kiasi hiki, tunachoweza kutuma ni dawa za mama tu mpaka mtakaposikia tena. Ukimwambia mmoja mmoja kila mtu anapata toleo lake halafu wanakaa kulinganisha.

Halafu Oktoba 29 ndiyo uchaguzi wa Tanzania, intaneti ikazimwa nyumbani, siku kadhaa hatumpati mtu kwa WhatsApp, hatujui mama yuko salama au la, yale yaliyotokea siyaongelei hapa kwa haraka, wenye misiba poleni sana. Ila fikiria wiki hiyo huku hela hamna na huko sauti hamna. Nilikuwa naangalia simu kuliko naangalia sufuria.

Novemba katikati malimbikizo yakaingia. Kuna sheria ya 2019 inasema lazima walipwe, ingawa Oktoba White House ilitoa hoja kwamba waliokaa nyumbani si lazima, watu presha zikapanda, mwisho ule muswada wa kufungua serikali ukasema walipwe wote. Kwa hiyo ya kwetu imekuja, na makato yake yote, na robo tatu ilikuwa imeshaliwa kabla haijafika.

Ambao hawajapata kitu ni hawa wa kampuni za tenda, wafagiaji, walinzi, wapishi wa kantini za serikali. Hao hakuna sheria inayowalipa. Jirani yangu hapa ghorofa ya chini, dada wa El Salvador, anasafisha ofisi huko DC, jengo lilifungwa akaambiwa usije, limefunguliwa amerudi, zile wiki sita zimekwenda na maji. Na ndiye aliyekuwa ananiletea tamale, chakula cha kwao, Oktoba. Watu wakisema "si wamelipwa wote" huwa namfikiria yeye.

Na msidhani imeisha. Walichosaini kwa ofisi nyingi kilipangwa kufika Januari 30 tu, 2026, baada ya hapo ni mazungumzo tena. Kwa hiyo hapa kwetu malimbikizo tumelipa ule mkopo wa 700, tukalipa gari, kilichobaki tumekiweka akaunti ya peke yake isiyo na kadi, lengo ifike kodi ya mwezi mmoja na nusu. Runinga mpya hakuna, watoto wamenuna, watazoea.

Mama najua unaangalia hii, wifi atakuwekea. Ada ya Januari tutatuma wiki ya kwanza mapema, shule zisijefunguliwa mtoto yuko nyumbani. Bati tutaongea Februari, tukishaona Bunge la huku limefanya nini.