Nionyesheni Kwanza Chupa ya Pili

Mabibi na mabwana, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Kwenye chupa, maana ndimo yanapopimwa madai kwamba kuvu hula gesi kama propani.

Mtu ana chupa ya kioo yenye kizibo cha mpira, ndani kuna kuvu na propani kidogo. Leo anachota hewa ya ndani kwa sindano, wiki ijayo anachota tena, propani imepungua. Shangwe! Kuvu imekula gesi! Namwuliza: chupa ya pili iko wapi, ile yenye kuvu iliyouawa kwa joto? Hana. Jamani, gesi hunywewa na mpira wenyewe, tena hutorokea pale sindano ilipotoboa. Usipolinganisha kuvu hai na mfu, huenda umepima uvujaji tu. Na usiniambie ulikaza kizibo. Nani aliwahi kusema hakukaza? Ukitaka kuniziba mdomo, leta na ya tatu, yenye kuvu hai na asetilini kidogo. Asetilini huzima kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kemia, kinachoianza kazi ya kuvunja gesi. Gesi ikikoma kupungua humo, tutaongea.

Kimeng'enya hicho ni cha ukoo wa saitokromu P450, na hatua yake ndiyo ngumu kuliko zote. Huchukua oksijeni, kikapachika atomi moja kwenye ethani, gesi ndugu ya propani, ikawa ethanoli. Atomi ya pili huishia kwenye maji. Bila oksijeni hakuna kitu. Kuanzia hapo ni njia ya kawaida: ethanoli, asetaldehidi, asetati. Propani hushikwa kwenye kaboni ya nchani au ya katikati, na ikishikwa katikati ndipo asetoni hutokea. Kuvu iliyochunguzwa sana ni Graphium. Mwaka 1997 ilielezwa kwamba ikikuzwa kwa butani huanza kuivunja hata MTBE, kemikali ile ya kwenye petroli inayochafua maji ya ardhini.

“Na methani?” Nilijua mtauliza! Hiyo ni kazi ya bakteria na akea (viumbe vidogo vya seli moja, si bakteria), wenye vimeng'enya vyao. Kukata bondi yake ya kaboni na hidrojeni huhitaji takriban kilojuli 439 kwa moli, zaidi ya ethani. Anayedai kuvu yake inaishi kwa methani tupu, mimi namdai chupa tatu.

Vichujio vya kusafisha hewa kwa kuvu, haraka: nyuzi za kuvu husimama hewani, kwa hiyo gesi isiyoyeyuka vizuri majini huzifikia bila kupita kwanza kwenye utando mnene wa maji. Mengine muulizeni msemaji anayefuata, mwenyekiti ameshanitolea macho.