Moshi Unaofika Nyuma ya Mboni

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi hii mkaja kunisikiliza hapa Temeke.

Ikitajwa sigara, mtu hushika kifua. Mapafu tunayajua, na moyo pia. Macho tunadhani yanawashwa tu: unayapikicha, machozi yanatoka, basi. Kuwashwa huko ni kudogo. Ninayotaka tuyazungumze ni madhara yanayopita kwenye damu, kwa sababu hayaumi, na hata ukijitazama kwenye kioo huyaoni.

Ukivuta, nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kaboni monoksidi nayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu. Sasa nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba unaopokea mwanga, na kwa kutumia oksijeni ni viungo vichache mno mwilini vinavyoufikia. Katikati yake pana kieneo cha milimita 5 hivi kiitwacho makula. Hicho ndicho kinachosoma meseji, kinachotia uzi kwenye sindano, kinachokutambulisha sura ya mjukuu wako akiwa bado mlangoni.

Makula hujikinga kwa rangi ya njano ya lutini na zeaksanthini, ambayo mwili hauitengenezi; tunaipata kwenye mchicha, matembele na mboga nyingine za majani. Wavutaji wengi wana rangi hiyo kidogo. Umri unaposogea, taka hujikusanya chini ya retina, chembe zinakufa, na kwa wengine huota mishipa mipya dhaifu inayovuja damu. Uoni wa katikati unapotea, wa pembeni unabaki: mtu anauona ukuta, haoni saa iliyotundikwa pale. Mvutaji yuko kwenye hatari hiyo mara 2 hadi 4 ya asiyevuta, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mnaweza kuniuliza, mbona mtoto wa jicho anatolewa? Ni kweli, na sigara humleta naye. Protini za lenzi hugandana kama ute wa yai kwenye kikaango, na utafiti wa madaktari wanaume wa Marekani uliotolewa mwaka 1992 ulikuta wanaovuta sigara 20 au zaidi kwa siku wana hatari kama mara mbili. Lakini lenzi tunaitoa na kuweka ya bandia, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye hospitali za Muhimbili na CCBRT. Makula haina ya akiba. Inapovuja damu kuna sindano za kuzuia isiendelee, ila chembe iliyokufa hairudi.

Mwenye kisukari, tafadhali, kwako jambo hili ni zito maradufu: sukari inaharibu mishipa ile ile. Na anayechanganya sigara na gongo huku hali vizuri, neva ya jicho inaweza kudhoofika hadi rangi nyekundu na kijani zikafifia.

Ukiacha, hatari inapungua, polepole, kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliye na miaka 30 leo ndiye hasa niliyemfuata hapa.

Nyumbani fanyeni hivi. Ziba jicho moja, tazama nondo za dirisha, kisha badilisha. Nondo zikionekana zimepinda, au pana doa katikati, nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Jambo jingine, maana naona dada mmoja ameshika kopo la vidonge vya macho. Soma kibandiko. Kama kimeandikwa beta-karotini, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na wewe unavuta au uliwahi kuvuta, usimeze. Ufini walifuatilia wavutaji wanaume zaidi ya 29,000, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Vipo vidonge vyenye lutini badala yake. Muulize mtaalamu wa macho kabla hujatoa hela yako.

Karibuni maswali. Tuanze na mzee pale nyuma.