Besi ya Another One Bites the Dust: tunaijenga upya tabaka kwa tabaka

Assalamu alaykum jamaa zangu, karibuni tena chumbani kwetu hapa Michenzani. Leo ndo ile mliyoniomba tangu Ramadhani, besi ya Another One Bites the Dust ya bendi ya Queen, lakini sikufundishi vidole peke yake. Tunaijenga rekodi yenyewe kama walivyoijenga wao mwaka 1980, maana nyimbo hii ukijua ilivyorekodiwa vidole vinakaa sawa vyenyewe, na ukiwa hujui utaipiga miaka na miaka watu wanakusikiliza tu hawatikisi hata bega.

Tyuni besi yako, E A D G ya kawaida, programu za simu zipo za bure, sikai hapo. Metronomu tia 110, mapigo kwa dakika. Haya.

Kabla hujagusa uzi, mjue mwenye nyimbo. Wageni wakishuka Shangani wote wanamuuliza Freddie Mercury, na haki yao, kazaliwa hapa mjini Unguja Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, wa kwetu yule. Lakini hii hakuandika yeye. Kaandika John Deacon, mpiga besi wao, mtu mkimya, kwenye Queen hakuwahi kuimba sauti ya mbele hata nyimbo moja. Na kwenye rekodi hii kapiga karibu kila kitu mwenyewe, besi, gita la ridhim, piano, makofi. Kwa hiyo ukikaa na besi leo hukai nyuma ya mtu, wewe ndo umebeba nyimbo.

Tuanze na dramu. Deacon alitaka dramu kavu, iliyokufa kabisa, isiyo na mwangwi, na Roger Taylor mpiga dramu wao mwanzo hakuipenda sauti ile, lakini mablanketi yakashindiliwa ndani ya dramu na kazi ikaenda. Mie blanketi sina, kwa joto hili la Unguja blanketi la nini, nimetia mto mmoja na kanga mbili za mama watoto, kwa idhini yake, nimeomba kwanza. Sikilizeni kiki, ile dramu kubwa ya mguu, bila kanga. Bum, umesikia unavyobaki hewani? Na kanga sasa. Dup. Basi. Hiyo dup ndo tunaitaka.

Sasa, wao hawakupiga dramu mwanzo mpaka mwisho. Walichukua kipande cha tepu chenye mdundo, wakakiunga kichwa na mkia kikawa kinazunguka tu, ndo lupu hiyo, ndo maana dramu ya nyimbo hii haichoki wala haikimbii. Sisi hatuna tepu, tunapiga bari mbili tu, yaani mapigo manane, kwa kasi ya 110 ni kama sekunde 4 na theluthi, tunakata kwenye kompyuta, tunairudisha tena na tena. Pa kukata ni kabla kiki haijaanza, kabla kidogo tu, ukikata kiki katikati kila ikizunguka utasikia "tik" na hiyo tik ukishaisikia hutosikia kitu chengine mpaka unalala.

Subiri. Bwana mdogo, mbona kuna mngurumo? Hebu rudisha. Feni! Zima feni yakhe, feni imeingia kwenye kila nilichorekodi. Haya, tunarudia dramu, samahanini, nyie hamtoliona hili mtaona jasho tu.

Besi sasa, na hapa naomba mkae vizuri.

Uzi wa E, ule mnene. Unaanza na freti ya 5, freti ndo vile vyuma vya shingoni, halafu freti ya 3, haraka, kama unateleza kuingia, kisha E wazi, hubonyezi kitu, mara tatu, zimesimama, zina nafasi. Du, du, du. Halafu kimya. Halafu jibu, E E E, freti ya 3, E, freti ya 5. Ile ya mwisho ukitaka piga uzi wa A wazi, noti ni ile ile, mie napenda freti ya 5 kwa sababu mkono haujahama.

Noti zimekwisha, mtoto wa miaka kumi anaziweza. Kazi iko kwenye kile kimya. E wazi haijizimi yenyewe, ukishaipiga inaendelea kulia, na ikilia mpaka ikaingia kwenye kimya, nyimbo imekufa hapo hapo. Zima uzi. Mkono wa kushoto unaulaza juu ya nyuzi bila kubonyeza, laini, kama unamgusa mtoto aliyelala. Du, zima. Du, zima. Du, zima. Ile ya tatu ndo ya hatari, kwa sababu mkono unakuwa tayari unakimbilia freti za mbele na unaisahau.

Mie iliniponyoka hii mbele ya watu, usiku mmoja hotelini kaskazini huko, bendi nzima imekaa vizuri watu wamesimama wanacheza, nikaacha E ya tatu ikalia, kila bari, nyimbo nzima, na nikaona kwa macho yangu watu wanakaa chini mmoja mmoja. Kuna mama mmoja wa kizungu alikuwa anacheza peke yake karibu na spika, kaacha, kachukua viatu vyake mkononi, kaondoka. Nilikwenda nyumbani nikaisikiliza rekodi mpaka alfajiri na ndo nikaelewa. Kwa hiyo nakwambia tena, ya tatu, izime.

Anayetaka kujua Deacon kaipata wapi pumzi ile, aisikilize Good Times ya Chic, bendi ya Marekani, ya 1979, besi ya Bernard Edwards. E zile tatu zipo pale. Edwards mwenyewe alieleza kwamba mpiga besi wa Queen alikuwa akienda kukaa nao studio. Fani inakwenda hivyo, unakaa na mtu, unasikiliza, unarudi kwenu na kitu chako. Hata kwenye taarabu mwenye dabal besi hukufundisha kwa kukuweka pembeni yake, hakupi karatasi.

Narekodi, bari nane, kimya tafadhali... Adhana hiyo. Tunasimama kwanza.

Haya, tumerudi. Bari nane nimezipata mara ya pili, ile ya kwanza ya tatu ililia kidogo kwenye bari ya sita. Unaona? Miaka yote hii. Izime.

Na umeme umekatika sasa. Simu ina chaji, bwana mdogo anasema asilimia 60, basi tusipoteze muda, nikusimulieni ilivyotoka.

Walirekodi Musicland, studio ya Munich, Ujerumani, ilikuwa chini kabisa ya jengo refu la hoteli, chumba cha chini ya ardhi, prodyuza wao anaitwa Mack. Albamu ni The Game, ikatoka Juni 1980, na nyimbo hii ni ya tatu upande wa kwanza, haikuwa ya mbele kabisa. Singo zilikuwa zimeshatoka tatu kabla yake. Huko Marekani redio za watu weusi zikawa zinaipiga kutoka kwenye albamu tu, na wasikilizaji wengi wakidhani Queen ni bendi ya watu weusi, kwa sababu ya besi ile! Halafu Michael Jackson akaenda kuwaona jukwaani Los Angeles, akawaambia hii itoeni singo. Agosti 1980 wakaitoa. Oktoba ikashika nambari moja Marekani wiki tatu, na kwenye chati ya soul ikafika ya pili, bendi ya roki ya Kiingereza hiyo. Kwao Uingereza iliishia ya 7. Mie jambo hilo huniingia sana, kwamba nyumbani ilikuwa ya 7 na ng'ambo ya kwanza, walioisikia vizuri zaidi ni wale wenye fanki yao.

Umeme umerudi. Alhamdulillah. Na faili lipo, kwa sababu nilihifadhi, wewe pia hifadhi kila baada ya tabaka.

Gita la ridhim, fupi fupi, limezimwa kama besi, kiganja cha mkono wa kulia kikae juu ya nyuzi. Makofi, piga mara mbili uzipandishe moja juu ya nyengine, basi.

Halafu zile sauti za ajabu, ile kama kitu kinavutwa kinakuja usoni kwako. Watu wote wanadhani kinanda cha umeme, sinthesaiza. Hamna. Nyimbo hii haina sinthesaiza hata moja, ni piano na magita na dramu, tepu ikageuzwa ikachezwa kinyumenyume, kwa kasi mbali mbali, na kelele nyengine Brian May, mpiga gita wao, kazitoa kwenye gita kwa mashine inayoitwa Harmonizer. Tufanye. Piga kodi moja ya piano, noti kadhaa kwa pamoja, iache ilie mpaka ife, hapa ndo unaruhusiwa kuacha kitu kilie, igeuze riversi, isogeze mpaka ncha yake iishie pale pale kiki inapoanza. Sikiliza... shuuuup, dup. Wallahi kila nikiifanya nywele zinanisimama.

Sauti mie siimbi leo. Freddie aliisukuma nyimbo hii kwa nguvu, na May alisimulia kwamba aliimba mpaka koo likatoka damu. Nyie msifanye hivyo, kunyweni maji.

Kuhusu nyuzi, nnazo seti za besi za nyuzi nne. Hewa yetu ya chumvi inazila, uzi wa E ukishika kutu unakwaruza kila ukiuzima na unasikika kwenye maiki, kwa hiyo baada ya kupiga ufute kwa kitambaa kikavu, kila siku, na ukibadilisha usingoje ukatike. Anayetaka aniandikie hapo chini. Walio Pemba natuma kwa boti.

Haya tuisikilize yote pamoja, lupu, besi, gita, makofi, piano ya kinyume. Wewe shika besi yako upige na mie. Bwana mdogo, feni iko zima? Moja, mbili, na mkono wa kushoto uko tayari, tatu, nne.