Piga Video Kwanza: Ajali na Kupooza Uso

(Mazungumzo na madereva wa bodaboda, Mbagala, Dar es Salaam)

Wazee wa kijiwe, habari za mchana. Najua abiria hawangoji, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mwenzenu mmoja aliletwa kwangu kwenye mazoezi ya viungo, mdomo umevutwa kulia, jicho la kushoto halifumbi. Alianguka na pikipiki, kofia ngumu ikiwa imening'inia kwenye usukani. Hapo sisemi kitu. Nilimuuliza: uso ulipooza palepale, au baada ya siku kadhaa? Hakumbuki. Kwenye cheti hakuna aliyeandika. Rafiki yake akatoa simu. Kuna picha walipiga wakisubiri bajaji: jamaa kakaa kwenye tofali, damu inamchuruzika sikioni, anacheka, meno yote nje. Pande zote mbili sawa!

Picha ile ilikuwa na thamani kuliko maelezo yote. Mshipa wa fahamu wa uso ukitoka kwenye ubongo hupita ndani ya mfupa wa sikio, katika mfereji ambao penye wembamba zaidi haufiki hata milimita moja. Ukishatokeza chini ya sikio ndipo hugawanyika kwenda kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Kichwa kikipiga lami, mfupa ule unaweza kupasuka. Uso ukilala papo hapo, huenda mshipa umekatika au umebanwa na kipande cha mfupa, na daktari anapaswa kufikiria upasuaji mapema. Ukilala baada ya siku mbili tatu, mara nyingi ni uvimbe, mshipa umekosa pa kutanukia. Hao wengi hupona bila kisu. Mwenzenu alikuwa wa kundi hilo.

Jeraha la panga au kioo shavuni ni habari nyingine. Tawi la mshipa lililokatwa bado hushtuka likiguswa na umeme kwa siku kama tatu, na daktari huliona kwa mtikisiko huo. Siku hizo zikipita, ni kama anatafuta uzi kwenye nyama. Kwa hiyo msishonewe juu juu mkaondoka. Mwambieni anayeshona: huyu mdomo hausogei.

Mzee mmoja hapo nje kaniambia ni upepo mbaya. Simbishii, ila hesabu yangu ni hii: mshipa uliokatika na kuungwa huota kama milimita moja kwa siku. Kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo ni kama sentimita kumi. Miezi mitatu na zaidi! Wiki ya tatu mtu kakata tamaa, anahangaika kwa waganga, au anatafuna bigijii kutwa nzima kwa nguvu. Kulazimisha hivyo hakusaidii. Nyuzi za mshipa zikiota ovyo, ukitabasamu jicho linafumba lenyewe.

Jicho ndilo linaloniogopesha. Lisipofumba hukauka, na vumbi la barabara zetu mnalijua. Mchana matone ya machozi bandia, usiku dawa ya kupaka na plasta ya kulifunga vizuri. Kioo cha jicho kikishachubuka na kupata kidonda, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Sasa, nani simu yake ina chaji? Njoo mbele. Wewe kaa hapa, jifanye umeanguka. Inua nyusi. Fumba macho kwa nguvu. Onyesha meno. Sekunde kumi tu, na saa inaonekana. Haya, mkimbizeni hospitali.