Geji haina kosa, tatizo ni waya ulipopita

Haya jamani, wa huko nyuma sogeeni, sina sauti ya kupiga kelele. Najua mmekuja kusikia geji ipi kali, ya busti, yaani presha ya hewa ya turbo, ya oili presha, ipi inawaka bluu usiku. Leo siongelei geji. Naongelea waya umepita wapi, na wanaonijua wameshaanza kucheka, chekeni tu.

Ililetwa Subaru Forester ya turbo, zile za toleo la SG, mwenyewe kafungiwa geji ya joto la maji pembeni ya dashibodi, kitu cha bei. Analalamika gari inachemsha. Inachemsha vipi? Ikipita kwenye tuta mshale unaruka mpaka mwisho, ikishika lami unarudi. Sasa niambieni, maji gani yanachemka kwenye tuta halafu yanapoa kabla hujaingiza gia ya tatu? Na geji yake ya kiwandani imetulia katikati muda wote, hakuna aliyeiuliza. Ila themostati alishabadilishiwa, rejeta alishabadilishiwa, na akaambiwa sasa kilichobaki ni kufungua silinda hedi. Hedi jamani!

Tukaingia chini ya usukani na tochi. Aliyefunga katoboa ule ukuta wa bati kati ya injini na ndani, shimo la drili, ukingo mkali vilevile, waya kaupitisha bila raba. Ganda limeliwa upande mmoja, kopa inang'aa pale inapojisugua na bati. Sensa ile ni ya waya mmoja: maji yakipanda joto ukinzani wake unashuka, umeme mwingi zaidi unaenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari, geji inapanda. Waya ukigusa bodi, geji inaona injini inaungua. Imesoma ilicholetewa, kosa lake liko wapi?

Utasema bosi, mteja anasubiri, nani ana muda wa kutafuta tundu? Tundu lipo! Kiwanda kimepitisha waya zake kwenye raba kubwa, chukua kitu chembamba kisicho na ncha ya kuchoma waya, penya pembeni ya raba, paka sabuni, vuta waya kwa hanga ya nguo iliyonyooshwa. Ukilazimika kutoboa, basi piga tupa ukingo, paka rangi bati lisile kutu, visha raba. Raba bei yake hata soda hainunui na bado watu wanabana.

Na usifuate njia fupi. Turbo ya hizi Subaru iko kulia nyuma ya injini, usukani wetu nao kulia, kwa hiyo njia fupi ndiyo yenye moto wa ekzosi, na ukiingia ndani unakutana na shafti ya usukani na pedeli. Zungukia kushoto, waya ukiongezeka kidogo mteja atalipa.

Halafu kuna wale wa "geji inakula umeme kidogo, fyuzi ya nini?" Mnanichosha. Fyuzi hailindi geji, inalinda waya. Waya wa chanya ukipiga shoti kwenye lile shimo, betri ya volti 12 inasukuma mamia ya ampia bila kuuliza geji inakula ngapi, na kinachowaka ni waya, zulia na dashibodi. Weka fyuzi ya ampia 3 au 5 pale pale unapochukulia umeme, usiiweke nyuma ya geji, maana hapo njia yote iliyobaki haina mlinzi. Na chukua umeme unaokata ukizima swichi, betri isilale.

Mengine haraka maana naona mtu anaangalia saa. Waya za sensa ziweke mbali na koili za plagi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usizungushie sensa ya waya mmoja, ethi yake inapita kwenye yale meno ya kufungia. Konekta za njano ni za eabegi, usiguse, na ukifunga geji kwenye nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele angalia kwanza kama kuna eabegi ndani. Geji ya oili ya kibomba, ile inayoleta oili yenyewe mpaka ndani ya gari, mimi sifungi, kanunue ya sensa.

Mwenye gari yenye geji hapo nje atoe funguo, tufungue boneti yake tuone.