Wanaomweka Gavana na Kumwangusha: Bunge la Jimbo Ng'ambo ya Ziwa

(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma)

Assalamu alaikum. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Leo tunazungumzia bunge la jimbo kule Kongo ya Kinshasa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tuanze na neno lenyewe, "jimbo", maana ndilo linalotuchanganya. Hapa Kigoma ukisema "jimbo", mtu anamfikiria mbunge. Mkongo akilisema, ana maana ya eneo zima lenye gavana na bunge lake. Wazee mnakumbuka: enzi za Mwingereza sisi nasi tulikuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora.

Kalemie, mnakopeleka mizigo, ni makao makuu ya Jimbo la Tanganyika, lililozaliwa 2015 Katanga ilipogawanywa na majimbo ya Kongo yakafika 26, Kinshasa ikiwemo. Kwetu Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, na mkoa hauna bunge. Sheria ndogo ni za madiwani kwenye halmashauri. Kwao gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, kisha Rais anamthibitisha.

Wabunge hao muda wao ni miaka 5. Wengi wanapigiwa kura na wananchi. Wachache, wasiozidi sehemu moja ya kumi, ni machifu, akina mwami kama waliokuwepo Buha kabla hatujafuta utawala wao mwaka 1963. Kikao cha kwanza kinaongozwa na mbunge mzee kuliko wote, ubavuni amekaa na wawili wadogo kuliko wote. Utaratibu huo mimi naupenda sana. Baadaye wanamchagua spika, makamu wake, makatibu na mtunza hazina, shughuli zinaendelea.

Utamu uko kwenye hesabu. Chukueni bunge la watu 20, mfano tu. Robo yao, yaani 5, wakitia saini hoja ya kutokuwa na imani, kura haipigwi papo hapo; lazima zipite saa 48. Zikipita, 11 wakiunga mkono, yaani zaidi ya nusu ya wote, serikali nzima ya gavana imeanguka. Kumtikisa waziri mmoja, saini 2 zinatosha kuanzia. Sasa zifikirieni hizo saa 48! Simu zinavyolia usiku, na nani anathubutu kulala kwake?

Na hao hao 20 ndio wanaochagua maseneta 4 wa jimbo, yaani wajumbe wake kwenye baraza la juu la bunge la taifa. Mtaka useneta hana haja ya kuzunguka vijijini, anawatafuta watu wachache tu. Machi 2019 tuhuma za rushwa zilivuma mpaka Rais Félix Tshisekedi akasimamisha kwa muda maseneta wapya wasianze kazi. Rais ana rungu jingine pia: tangu marekebisho ya katiba ya 2011, penye mgogoro mzito anaweza kulivunja bunge la jimbo.

Sheria wanazotunga huitwa edi kwa Kifaransa chao, na hapo ndipo zinapogusa boti zenu. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki majimboni. Kwa vitendo fedha hukusanywa Kinshasa, na majimbo hukaa yakisubiri. Jimbo lenye njaa linatazama bandari.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu ushuru aliotozwa bandarini ng'ambo. Mama, tozo ya jimbo ina andiko nyuma yake, edi au agizo la gavana, lenye namba na mwaka. Mwombe anayekutoza akutajie namba, na akupe risiti. Akianza kutazama ziwa, usifungue pochi kwanza.