Kwanza Uliza Hiyo F Iko Wapi

(Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Dodoma mjini)

Mbukwenyi! Mbona mnaitika kinyonge? Upepo wa Julai nao umezidi, najua, lakini kinachowanyong'onyeza nyinyi siyo upepo, ni matokeo.

Bwana mwenyekiti, wazazi wenzangu, wanangu. Walionisikia miaka iliyopita wanivumilie, maana nitasema yale yale. Kila matokeo yakitoka kilio ni kile kile, "Nina F, nimefeli somo moja, basi chuo ndiyo sina tena," sasa mimi nibadilishe nini? NECTA, baraza letu la mitihani, na kombi, yale masomo matatu ya mchepuo wako, sitazieleza zaidi, mmelala nazo na kuamka nazo miaka miwili. Naingia kwenye jambo lenyewe.

Mtoto ana masomo matatu. Mawili amefaulu, moja limeharibika. Basi nyumba nzima inahamia kwenye hilo moja. Shangazi anapiga simu kutoka Mpwapwa kuulizia hilo moja. Yale mawili hakuna anayeyataja, kama vile yalifanywa na mtu mwingine.

Alikuja kwangu baba mmoja wa kule Bahi na binti yake. Karatasi ya matokeo ameikunja mara nne, iko mfuko wa shati, anaitoa kama mtu anayetoa hati ya polisi. Binti amebaki mlangoni, anachezea ncha ya khanga, haingii. Alisoma CBG. Kemia C, Baiolojia D, Jiografia F. Baba ananiambia, "Mwalimu, huyu ana pointi 14. Wa jirani ana 9. Nimeshaulizia bei ya cherehani." Cherehani! Sina ugomvi na ushonaji, suruali hii niliyovaa imeshonwa. Lakini wakati mzee anaulizia cherehani, dirisha la udahili lilikuwa wazi, siku zinakwenda, na binti hajajaza hata chuo kimoja.

Nikamwambia binti, ingia ndani, keti, chukua kalamu. Andika vigezo vya TCU, tume ya vyuo vikuu, vya kuingia shahada: prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Haya jumlisha. Akaandika 3, akaandika 2, akanyanyua macho. "Tano." Wanataka ngapi? "Nne." Baba akaingilia: "Tano gani tena, si ana 14?"

Hapo ndipo penye tatizo, wazazi, naomba mnisikilize vizuri. Kuna hesabu mbili na zinakwenda kinyume. NECTA wakipanga daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S, ule ufaulu mdogo usiofika prinsipo, ni 6, F ni 7. Hapo kidogo ndicho kizuri. Binti ana 3 na 4 na 7, ndiyo 14, daraja la tatu. TCU wakihesabu sifa za kuingia chuo, wanageuza: kikubwa ndicho kizuri. D ile ile kwa NECTA ni 4, kwa TCU ni 2. Mzee alikuwa anasoma hesabu ya huku kwa jicho la kule, na F ya Jiografia, ambayo kwenye daraja imembebesha pointi saba, kwenye yale masomo mawili ya kuingilia chuo haikuguswa kabisa.

Nikamuuliza binti, ulitaka kusoma nini? Akasema ualimu wa Kemia na Baiolojia. Sasa jamani! Ualimu wa Kemia na Baiolojia Jiografia inauingilia wapi? Tukafungua mwongozo wa TCU, tukasoma programu moja moja, polepole, kidole kwenye mstari. Leo anafundisha Kemia sekondari ya kata, na wanafunzi wake wanalalamika kwamba anabana alama.

Najua kuna mzazi pale nyuma anasema moyoni, "Huyu mzee anawalea wavivu." Siwalei. Mwenye PCB aliyepata F ya Fizikia na anataka udaktari wa binadamu, kwa matokeo hayo mlango umefungwa, maana pale wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Anayetaka uhandisi huku Hisabati ya kidato cha sita imeanguka, naye ana kazi. Kwa hiyo sisemi F ni pambo. Ninachosema ni kwamba F hiyo hiyo kwenye programu moja inakuua, kwenye nyingine hakuna anayeiuliza, na huwezi kujua bila kusoma sifa za programu unayoiomba. Wewe umesoma? Umelia tu.

Na wengine mnalilia alama siyo. Mtu analia GS, lile somo la General Studies, wakati GS haimo hata kwenye yale matatu yanayopanga daraja. Mwenzake mwenye HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, yuko kimya anachekelea B zake, anataka programu yenye hesabu ndani, kumbe kule wanaulizia Hisabati ya kidato cha nne, na yeye ana F tangu wakati huo. Hiyo F ya zamani, ambayo nyumbani kwenu mlishaisahau, ndiyo itakayomrudisha. Toeni vyeti vyote viwili mezani, cha kidato cha nne na cha sita, siyo kimoja.

Halafu mtu aniambie ushindani. Ndiyo, upo. Pointi 4 hazikupi nafasi, zinakupa haki ya kushindana, na programu zinazokimbiliwa wanachukua wenye alama za juu kwanza. Ndiyo maana ukiwa na pointi 5 hujazi programu zinazogombaniwa peke yake ukakaa kusubiri muujiza. Na mwenye E mbili asijidanganye: prinsipo anazo, lakini jumla ni 2.

Sasa steshenari, mnakokwenda kujaziwa maombi ya chuo. Hapa naomba niseme kwa ukali. Unakuta kijana ameinama kwenye benchi la steshenari, yule wa kompyuta anamuuliza, "Nikujazie kozi gani?" Kijana anajibu, "Yoyote tu, mimi nina F." Yoyote! Yule bwana ana foleni ya watu, anamjazia alichomjazia aliyetangulia. Mbaya zaidi, anaweka barua pepe yake yeye, nywila yake, namba yake ya simu. Ukichaguliwa vyuo viwili unatakiwa kuthibitisha kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa ujumbe wa simu. Simu ya nani? Ya steshenari! Nawe uko kijijini Kongwa unapalilia, huna habari. Huyo amekosa chuo na hajakoseshwa na F. Jazieni pale mkitaka, walipeni jasho lao, lakini namba iwe yako na orodha ya programu uje nayo umeiandika kabla.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio. Ambaye hakufikisha sifa za shahada: stashahada, na hapa Dodoma hamjakosa pa kuulizia, kuna Chuo cha Mipango, kuna CBE, chuo cha biashara, kuna chuo cha serikali za mitaa Hombolo. Programu nyingi zinapokea prinsipo moja na S moja. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 na kidato cha nne chako kiko sawa, shahada unaiomba kwa njia hiyo. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea inaruhusiwa, lakini rudia kwa sababu programu unayoitaka inalidai somo hilo, siyo kwa sababu jirani amecheka. Rufaa ya matokeo ipo, ina ada na ina tarehe ya mwisho. Mkopo nilikuwa na mengi, basi, siku nyingine.

Maswali nitayachukulia pale mezani. Njooni na vyeti vyote viwili, na aongee mwenye matokeo. Mzazi akae pembeni kwanza, tafadhali.